Jitu Lilipoacha Kuzungumza

Agosti 1957, ndani ya wiki moja, wanaume wawili nchini Kanada waliapa kisheria kwamba waliwahi kukutana na kiumbe ambaye hayumo katika kitabu chochote cha wanyama.

Wa kwanza alikuwa Albert Ostman, mzee aliyetumia ujana wake kukata magogo na kutafuta dhahabu. Alieleza kwamba mwaka 1924, akiwa amepiga kambi peke yake karibu na Toba Inlet, pwani ya British Columbia, alinyanyuliwa usiku akiwa ndani ya mfuko wake wa kulalia, akabebwa kama gunia, na kutuliwa katika bonde lililokuwa makazi ya familia ya majitu manne yenye manyoya: baba, mama, kijana wa kiume na binti. Alikaa nao siku sita. Aliponyoka siku ambayo yule baba alibwia ugoro wa Ostman kwa mpigo mmoja, akaishia kuhangaika kwa maumivu.

Wa pili, William Roe, alikuwa na kisa kifupi na kitulivu. Oktoba 1955, kwenye mlima Mica, aliona kitu kichakani akadhani ni dubu. Kilipojitokeza kilikuwa kimesimama wima kwa miguu miwili. Kilikuwa jike lenye matiti, urefu kama futi sita, mabega mapana, mwili mzima manyoya ya kahawia yenye ncha za rangi ya fedha. Kilichuchumaa, kikavuta matawi, kikala majani. Roe aliinua bunduki, kisha akaishusha. Hakuweza kufyatua, alisema, kwa sababu alihisi anamlenga mtu.

Aliyezitafuta hati zote mbili za kiapo alikuwa John Green, mmiliki na mhariri wa gazeti dogo la Agassiz, kwenye bonde la mto Fraser. Green alikuwa amesomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Columbia, na alijua kwamba habari bila shahidi ni porojo. Basi akawa anawatafuta mashahidi. Alianza na vipande vya magazeti na barua, akaja kwenye kadi, baadaye kwenye kompyuta. Alipofariki mwaka 2016, akiwa na miaka 89, alikuwa amekusanya taarifa zaidi ya 3,000 za watu walioona sasquatch au nyayo zake.

Niseme mapema tusije tukapotezeana muda: siamini kwamba kuna nyani mkubwa asiyejulikana anayetembea kwa miguu miwili katika misitu ya Amerika Kaskazini. Hakuna mfupa, hakuna jino, hakuna mzoga uliogongwa na lori usiku. Lakini taarifa zipo, tena maelfu, na taarifa nayo ni kitu. Kila moja iliandikwa na mtu fulani, kwa sababu fulani, ikatiwa kwenye sanduku fulani. Masanduku hayo ni mengi, na yalikusanywa na watu ambao mara nyingi hawakupatana. Kwa hiyo mtu anaweza kuyaweka mezani, moja kando ya jingine, na kuuliza swali ambalo halihitaji kumwona jitu: yanasema kitu kimoja? Na yanapokubaliana, ni kwa sababu mashahidi waliona kitu kimoja, au ni kwa sababu wakusanyaji walisomana?

Sanduku la kwanza ni la mwalimu. J. W. Burns alifundisha miaka ya 1920 katika eneo la wenyeji wa Chehalis, ambao leo wanajulikana kwa jina lao wenyewe, Sts'ailes, kando ya mto Harrison. Ndiye aliyelichukua neno la lugha yao ya Halkomelem, sásq'ets, akalitamka kadiri ulimi wake ulivyomruhusu, likaingia kwenye Kiingereza kama sasquatch. Aprili 1929 jarida la Maclean's lilichapisha makala yake kuhusu majitu ya British Columbia, na ndani yake mlikuwa na visa alivyosimuliwa na majirani zake.

Kisa kimoja kimenikaa kichwani tangu nilipokisoma. Mwindaji mwenyeji yuko milimani na mbwa wake. Mbwa anabwekea tundu kwenye mti mkubwa. Kitu kinasogea mle ndani. Mwindaji anafyatua risasi, na kinachoanguka si mnyama, ni mvulana, yu uchi, wa miaka kama 12 au 14. Anavuja damu na kulia kwa sauti inayosikika mbali. Kutoka msituni anatokea mwanamke mkubwa kupita kiasi, mwenye nywele ndefu. Anamwambia mwindaji kwamba amempiga rafiki yake. Anasema hivyo kwa lugha ya watu wa Douglas, na mwindaji, ambaye ana damu ya Douglas, anamwelewa. Anamjibu kwa lugha hiyohiyo. Anamwomba radhi na kumweleza kwamba alidhani ni dubu. Mwanamke anamchukua mvulana na kuondoka naye.

Sikudai kwamba kisa hicho kilitokea. Nataka tu uone kilivyoundwa. Jitu linazungumza. Lina lugha yenye jina, ambayo majirani zake wanaifahamu. Lina urafiki, lina lawama, na linapewa maelezo kama anavyopewa mtu aliyekosewa. Burns mwenyewe hakuwahi kudhani anaandika habari za nyani. Hata mwaka 1954, alipotoa tena kumbukumbu zake katika jarida la Liberty, bado aliwaita wenyeji majitu.

Sasa liweke sanduku la Green kando ya la Burns. Jina ni lilelile, sasquatch, na bonde ni lilelile. Lakini kiumbe amebadilika. Hana nguo, hana moto, hana kijiji. Anakula majani na mizizi, ananuka, anatembea amejiinamisha mbele kidogo, na anapoona mtu anageuka kimyakimya na kuondoka. Majitu ya Ostman bado yalikuwa yakibwatabwata kama watu wanaosemezana, na nyumbani kwao kulikuwa na mpangilio wa familia. Kwa Roe, hakuna mazungumzo. Baada ya Roe, kimya karibu kila mahali.

Green hakuificha tofauti hii, na kwa hilo ninamheshimu. Aliandika kwamba sasquatch wa Burns walikuwa hasa wenyeji wakubwa wa maumbo, wenye mavazi, moto, silaha na vijiji, na kwamba zile habari za manyoya zilieleweka kuwa ni nywele ndefu za kichwani. Akatania kwamba walifanana na mahipi. Aliijua tofauti, akaamua upande. Alichokuwa anakitafuta ni mnyama, hivyo ushuhuda uliomweleza mnyama uliingia ndani, na ushuhuda uliomweleza mtu ukabaki mlangoni kama ngano. Chekecheke halisemi uongo. Linapitisha tu kinachotosha kwenye matundu yake, na anayekuja baadaye kupima unga hawezi kujua makapi yalikuwa na umbo gani mpaka aende kuyafukua alikoyatupa mwenye chekecheke.

Waliosoma madrasa wanajua kazi ya sanad. Kabla hujauliza habari inasema nini, unauliza imepita kwa nani: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Hadithi inaweza kuja kwa njia kumi, lakini ukizifuata zote nyuma na ukakuta zinakutana kwa mpokezi mmoja, unayo habari moja iliyosikiwa na masikio kumi. Nilipokuwa mtoto niliona somo hilo ni kukariri majina tu. Mbele ya masanduku ya sasquatch ndilo lililonisaidia kuliko kozi yoyote ya takwimu.

Fuata basi sanad. Mwaka 1957, kijiji cha Harrison Hot Springs, jirani kabisa na Sts'ailes, kilitaka fedha za maadhimisho ya miaka 100 ya British Columbia, yaliyokuwa yafanyike mwaka 1958, zigharimie msako wa sasquatch. Ombi lilikataliwa, lakini magazeti yalishapata cha kuandika, na jina likasambaa Kanada nzima. Ni katika mwaka huo Ostman alipojitokeza na kisa cha miaka 33 iliyopita. Ni katika mwaka huo Roe alipokwenda kuapa. Huenda wote wawili walikuwa wakweli. Lakini hakuna kati yao aliyeapa kabla ya mnada kufunguliwa, na aliyewapokea wote wawili ni mtu mmoja.

Tazama kisa cha Roe kilikokwenda baada ya hapo. Mwaka 1966 Roger Patterson, mtu wa jimbo la Washington, alichapisha kitabu chake kuhusu viumbe hawa, na ndani yake akachora kwa mkono wake tukio la Roe: lile jike lenye matiti. Oktoba 20, 1967, huko Bluff Creek, California, Patterson na mwenzake Bob Gimlin walirekodi ile filamu fupi ambayo hata asiyejua lolote kuhusu sasquatch amewahi kuiona mahali: umbo jeusi likivuka kingo za kijito, likigeuza kichwa kutazama kamera. Lilikuwa jike lenye matiti. Watetezi husema filamu inathibitisha kiapo cha Roe, na kiapo kinathibitisha filamu. Sanad inasema Patterson alikuwa amekipokea kisa cha Roe kabla hajashika kamera. Hilo peke yake halithibitishi kwamba filamu ni ya kughushi. Linaondoa tu haki ya kuwahesabu kuwa mashahidi wawili waliotoka njia mbili.

Bluff Creek ilikuwa na historia yake tayari. Mwaka 1958 Jerry Crew, dereva wa tingatinga kwenye ujenzi wa barabara ya msituni, alikuta nyayo za inchi 16 zimezunguka mtambo wake. Alimwagia plasta kwenye unyayo mmoja, akaubeba hadi kwenye gazeti la Humboldt Times, na picha yake akiwa ameukumbatia ikazunguka Marekani pamoja na jina jipya: Bigfoot, Mguu Mkubwa. Mkandarasi wa barabara ile aliitwa Ray Wallace. Alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa nje jozi ya nyayo kubwa zilizochongwa kwa mbao, wakasema mzee alikuwa akizivaa kufanya mzaha. Green, aliyekuwa amefika Bluff Creek mwaka ule ule wa 1958 kujionea, hakukubali. Alisema mbao zile hazilingani na nyayo alizoziona.

Tuseme Green alikuwa sahihi kwa baadhi ya nyayo na familia ilikuwa sahihi kwa nyingine. Je, kuna mtu aliyerudi kwenye kadi, moja moja, kutenganisha za mbao na zisizo za mbao? Kadi zilishanakiliwa. Zilikuwa kwenye vitabu, vitabu vilikuwa maktabani, na wasomaji wa vitabu hivyo walikuwa msituni wakiwa na futi kamba mkononi.

Kutoka hapo masanduku yanaongezeka haraka. René Dahinden, Mswisi aliyehamia Kanada mwaka 1953, alikuwa na lake. Peter Byrne, mwindaji aliyewahi kumtafuta yeti huko Nepal, alifungua kituo cha habari za Bigfoot mjini The Dalles, Oregon, miaka ya 1970. Mwanaanthropolojia Grover Krantz wa Washington State University alikusanya maumbo ya plasta. Watatu hawa, pamoja na Green, walikosana kwa miongo kadhaa juu ya nani mkweli, nani mfanyabiashara, na kama ni halali kumpiga risasi sasquatch mmoja ili kumaliza ubishi. Ugomvi wao ungeweza kuwa neema kwa anayelinganisha, maana watu wasiopatana hawaigani kwa hiari. Ila vyanzo vyao vilikuwa vilevile. Ostman yumo karibu kila mahali. Roe yumo karibu kila mahali. Ukijumlisha idadi za masanduku haya bila kuchuja, mzee mmoja na ugoro wake anakuwa watu kadhaa.

Byrne, angalau, alifanya jambo ambalo wengine waliliongea zaidi kuliko kulifanya: alipeleka kitu kwa mtu asiye na hisa. Mwaka 1976 aliwaomba FBI wampimie nywele zilizokuwa na ngozi kidogo. Jibu la mwaka 1977, ambalo umma uliliona mwaka 2019 FBI walipofungua jalada, lilikuwa la sentensi chache: ni za jamii ya kulungu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, mtaalamu wa jenetiki Bryan Sykes na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya nywele walizotumiwa na watafutaji kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walipata dubu, farasi, ng'ombe, nungunungu, binadamu. Jitu hapana.

Sanduku kubwa la zama zetu ni la Bigfoot Field Researchers Organization, kundi lililoanzishwa mwaka 1995. Lina madaraja matatu. Daraja A ni kuona waziwazi, katika mazingira ambapo si rahisi kukosea. Daraja B ni kuona kwa mbali, au gizani, au kusikia tu. Daraja C ni habari za kupokea kwa mtu wa pili au wa tatu, na zile ambazo chanzo chake hakipatikani. Wenyewe wanasisitiza kwamba daraja halipimi uaminifu wa shahidi. Linapima nafasi ya kukosea. Ni mpango wa heshima, bora kuliko niliotarajia. Tatizo ni kwamba anayeamua daraja ni mpelelezi wa kujitolea ambaye tayari anaamini kiumbe yupo. Kwa mtu wa aina hiyo, dubu aliyesimama wima mita 30 mbele ya taa za gari hawezi kuwa dubu, kwa kuwa shahidi ameshasema si dubu.

Hapa ndipo hoja ya takwimu inapoingia, na ndiyo hoja ninayokutana nayo zaidi kwa watu wenye akili zao. Mtafiti Henner Fahrenbach alichukua vipimo vya nyayo zaidi ya 700 vilivyokusanywa kwa miaka kama 40 na kuvichora. Wastani ulikuwa inchi 15.6, na mchoro ukatoa umbo la kengele: nyingi katikati, chache kwenye ncha. Hivyo ndivyo miguu ya wanyama halisi inavyojipanga. Wezi wa ukweli waliotawanyika katika majimbo mbalimbali, wasiojuana, wangewezaje kuchora kengele moja?

Miaka michache iliyopita nilifanya kibarua cha mdadisi kwenye utafiti wa kaya. Tulikuwa tunagonga milango na madodoso mkononi, jua kali, mbwa, watu wanaotuambia turudi kesho. Mmoja wetu alikuwa akimaliza mapema kuliko wote. Ikaja kujulikana kwamba anakaa chini ya mwembe na kujaza mwenyewe. Aliyemgundua msimamizi wetu hakuona majibu ya ajabu. Aliona majibu ya kawaida mno. Kaya zetu zilikuwa na mtu mmoja hapa, watu 14 pale, mtoto ambaye si wa nyumba ile lakini analala pale. Kaya zake zilikuwa na watu watano, wanne, sita, watano. Alijua kaya inafananaje, akaiandika. Ungechora mchoro wa mwembe wake ungepata kengele nzuri kabisa.

Kwa nyayo, mwembe ni ile picha ya Jerry Crew. Tangu 1958 kila aliyesoma gazeti alijua mguu wa Bigfoot una inchi kama 16. Anayechonga mbao anachonga hapo karibu. Anayepima alama iliyoyeyuka kwenye theluji, isiyo na mwanzo wala mwisho unaoonekana sawasawa, anajikuta anaisoma hapo karibu. Anayekuta alama ya inchi tisa hampigii simu mtu yeyote. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, wala haikuhitajika.

Njia ya kutoka ndani ya duara hili ni kulinganisha sanduku na kitu ambacho hakikuandikwa na wakusanyaji. Mwaka 2009, katika Journal of Biogeography, Lozier, Aniello na Hickerson walizichukua taarifa za sasquatch za magharibi ya Marekani wakazitia kwenye programu ambayo wanabiolojia huitumia kukisia mnyama anaweza kuishi wapi. Walipata ramani nadhifu ya makazi ya sasquatch. Kisha wakatengeneza ramani ya dubu mweusi kwa njia hiyohiyo, na ramani mbili zikalaliana. Lengo lao hasa lilikuwa kuwaonya wanabiolojia wenzao: programu haijui kama unachoilisha ni kweli, itakuchorea ramani nzuri tu. Nadhani ni mojawapo ya makala chache za kisayansi zenye mzaha ndani yake ambazo mzaha wake umebeba kazi.

Mwaka 2024 Floe Foxon alilipanua jambo hilo hadi Marekani na Kanada nzima, katika Journal of Zoology. Alizingatia idadi ya watu na ukubwa wa eneo, kwa sababu penye watu wengi pana macho mengi. Kilichobaki kilikuwa hiki: kila ongezeko la dubu 1,000 liliambatana na ongezeko la asilimia kama 4 la taarifa za sasquatch. Dubu mweusi husimama kwa miguu ya nyuma anapotaka kunusa au kuona mbali, na baadhi yao si weusi hata kidogo, ni wa kahawia. Lakini tusiwabebeshe dubu kila kitu. Illinois, jimbo la mashamba ya mahindi lisilo na dubu wakazi, lina mamia ya taarifa kwenye sanduku la kundi lile. Huko kuna jambo jingine linalofanya kazi: televisheni, upweke wa barabara za usiku, hamu ya kuwa mtu aliyeona kitu.

Watetezi wana jibu moja ninalolipenda, na linatufikisha Congo. Mwaka 1982 ilipoundwa jumuiya ya kimataifa ya watafutaji wa wanyama wasiojulikana, nembo waliyoichagua ilikuwa okapi. Wanasema: wenyeji wa msitu wa Ituri walimjua mnyama huyu vizazi na vizazi, na sayansi ya Ulaya haikumjua hadi mwaka 1901. Ni kweli. Ila kisa kizima kina mambo zaidi ya hapo.

Harry Johnston, kamishna maalumu wa Uingereza huko Uganda, alikuwa amesoma dokezo la Stanley kwamba watu wa msituni wanamjua mnyama kama punda. Akapata nafasi ya kuwarudisha Congo Wambuti waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja aliyetaka kuwapeleka Paris kwenye maonyesho. Njiani akawauliza, nao wakamweleza. Walipofika msituni walimwonyesha nyayo za mnyama mwenyewe. Johnston alikataa. Nyayo zile zilikuwa za kwato zilizogawanyika mara mbili, na yeye alishaamua kwamba anatafuta jamii ya farasi. Aliwaona wanakosea au wanamzunguka. Vipande vya ngozi alivyovipeleka London vilifanya mnyama apewe kwanza jina la Equus, farasi. Ilibidi ije ngozi nzima na mafuvu mawili, vilivyotumwa na ofisa Karl Eriksson, ndipo ikaonekana kwamba okapi ni ndugu wa twiga, mwenye kwato mbili, kama walivyomwonyesha.

Kwa hiyo okapi anafundisha mambo mawili kwa pamoja, na watetezi hulitaja moja. Taarifa za kweli zikifuatwa hufika kwenye ngozi na fuvu, na kwa okapi haikuchukua muda mrefu. Sasquatch ametafutwa tangu 1957 kwa helikopta, kamera na mbwa. La pili ni kwamba katika sanduku la Johnston, ushahidi uliokuwa sahihi kuliko wote ndio uliotupwa, na waliotupiwa ni wenyeji walioutoa.

Sts'ailes hawajaacha kusimulia. Sásq'ets yumo kwenye nembo yao, na siku za sherehe za Sasquatch huko Harrison Hot Springs wao ni wenyeji wa shughuli pamoja na mji. Kwao si nyani, na sidhani kama wanamngojea mtu wa kuja kumpima mguu.

Jioni moja nilijaribu kukijaza kisa cha yule mwindaji wa Burns kwa mtindo wa taarifa za lile kundi la 1995. Zina vichwa vingi: mwaka, msimu, jimbo, barabara ya karibu, mashahidi wengine, hadithi nyingine za eneo hilo, saa na hali ya hewa, mazingira. Mwaka: hautajwi. Barabara ya karibu: hakuna. Mashahidi wengine: mbwa. Hadithi nyingine za eneo hilo: zote. Kwa kuwa tumeipokea kupitia kwa mwalimu, nikaandika Daraja C. Kisha nikatafuta pa kuweka maneno ya yule mwanamke, na maneno aliyojibiwa. Hapakuwa na kichwa kinachofaa, nikayaweka chini ya mazingira: alimwambia kwa lugha ya Douglas kwamba amempiga rafiki yake, naye akamwomba radhi, akasema alidhani ni dubu.